Gari Inazima Ukisimama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari wa Arusha na Moshi

Hapa gereji haipiti wiki bila mtu kuingia na maneno yale yale, fundi gari inakimbia vizuri kabisa ila nikifika mataa ya Sanawari inazima, nikiwasha inawaka, nikifika kiplefti cha mbele inazima tena. Wengine wanakuja wakiwa wameshabadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta na bado tatizo liko pale pale. Hiyo ndiyo inayoniuma, maana ugonjwa huu mara nyingi unajulikana kwa masikio na kwa mguu wa breki kabla hata hujafungua pochi. Nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi na kuyajibu kama ninavyomjibu mteja akiwa amesimama pembeni ya boneti.

Kwa nini inazima nikisimama tu, na ikiwa mwendoni haina shida yoyote?

Ukielewa hili, mengine yote yatakuwa mepesi. Injini inaishi kwa kuvuta hewa. Ukikanyaga mafuta, kile kisahani kilicho ndani ya throto, yaani mlango wa hewa wa injini, kinafunguka, hewa inaingia ya kutosha na kompyuta inapima petroli ya kuendana nayo. Ukiachia mguu kisahani kinafunga, na injini inabaki kuishi kwa hewa kidogo sana inayopenya pembeni ya kisahani au inayopitishwa na kavavu kadogo maalumu. Huo mzunguko mdogo ndio mafundi tunauita sailensi, na kwa gari nyingi za petroli injini ikishapata moto unakaa kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika (RPM), yaani krenki, shafti kuu ya injini, inazunguka kama mara 10 mpaka 13 kwa sekunde. Hapo injini haina nguvu ya akiba. Ikiwa kwenye 2,500 hata kama kuna plagi imechoka au mpira unavuja hewa kidogo utapita tu bila kujua, lakini kwenye 700 kasoro ile ile inatosha kuizima.

Ndiyo maana mtu anayesema gari yangu nzima ila inazima tu nikisimama, mimi naona gari yake ina ugonjwa siku zote, ni vile mwendo unauficha.

Ikinizimia ghafla katikati ya kiplefti au kwenye mteremko nifanye nini?

Hili kwanza kabla ya spana yoyote, maana gari inaweza kuzima hata kabla hujasimama kabisa, ile unapunguza mwendo. Breki hazipotei papo hapo. Busta, ile inayoupa mguu wako nguvu kwenye breki, inakuwa imebakiza upepo wa kukusaidia mara moja mbili hivi, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, usipampu pampu ukaumaliza wote. Ukishaisha breki bado zinashika ila pedali inakuwa ngumu kama jiwe na inataka mguu wote. Usukani nao utakuwa mzito, usishtuke, vuta kwa mikono miwili.

Usichomoe ufunguo gari ikiwa inatembea, usukani unaweza kujifunga, na hilo nalisema kwa kila dereva mgeni. Kwa automatiki weka N halafu piga stata, ikiwaka rudisha D. Haihitaji kwenda P, na usithubutu kuingiza P gari ikiwa inatembea. Ya manyuo kanyaga klachi uwashe. Ikigoma, washa hazadi (taa za tahadhari), sogea pembeni, weka pembetatu nyuma kwa umbali wa kuonekana. Barabara ya Arusha kwenda Moshi hasa vipande vya Tengeru na Usa River vina malori na mabasi yanayokuja kwa kasi nyuma yako, na usiku ndio mbaya zaidi, kwa hiyo abiria washuke wakae mbali na gari, wasibaki ndani wakisubiri fundi.

Nikija gereji fundi atataka kujua nini?

Ukija na majibu ya haya umeshafanya nusu ya kazi. Inazima ikiwa ya baridi asubuhi au ikishapata moto? Inazima ukikanyaga breki au hata ukiacha gari ijisimamie yenyewe bila breki? Ikiwa D tu au hata N? AC ikiwashwa tu? Ukiwasha tena inawaka hapo hapo au mpaka ipoe? Kabla haijazima inatetemeka, mshale wa RPM unapanda na kushuka, au inakufa kimya kama umezima swichi? Na la mwisho ambalo watu wanasahau, ilianza lini na kabla ya hapo nini kilifanyika, sevisi, kujaza mafuta mahali pageni, kuosha injini, betri kutolewa.

Kama inakufa kimya ghafla ninaanza kufikiria umeme au sensa. Ikihangaika kwanza, ikatetemeka ndio ife, nafikiria hewa au mafuta. Si sheria ya kuandika kwenye jiwe lakini kwangu imekuwa kweli mara nyingi kuliko ilivyoniangusha.

Watu wengi wanasema ni throto chafu. Ni kweli?

Kwa magari yetu haya ya petroli ya mtumba kutoka Japani, IST, Vitz, Premio, Noah, RAV4, ndiyo, hapo ndipo naanzia nikiona dalili zinaendana. Mvuke wa oili unarudi kutoka kwenye injini kupitia kale kampira kanakotoka kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), unakutana na vumbi lililopenya eyakilina (chujio la hewa), vinagandamana kwenye ukingo wa kisahani mpaka kunakuwa na pete nyeusi kama masizi ya sufuria. Ile nafasi ya kupitisha hewa kidogo inaziba. Na vumbi tunalijua sisi, gari inayokwenda Simanjiro au vijiji vya Monduli wakati wa kiangazi eyakilina yake haiwezi kusubiri ratiba ya mtu anayeishi kwenye lami.

Kusafisha si kazi ya ajabu. Toa mpira mkubwa wa hewa unaotoka kwenye eyakilina, utaona kisahani. Tumia spreyi ya kusafishia throto, ipulizie kwenye kitambaa laini au mswaki laini halafu usugue ukingo na ukuta wake, mbele na nyuma ya kisahani. Usimwagie spreyi ndani kama unanyunyizia maua. Usitumie msasa wala kisu, zipo throto ambazo kiwandani zilipakwa utando maalumu na ukiukwangua sailensi haitatulia tena.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Kama throto yako ni ya umeme, yaani haina kebo inayotoka kwenye pedali, usisukume kisahani kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Ndani kuna mota na vigia vidogo vya plastiki, unaweza kuvivunja, na kisahani kikijifunga chenyewe kinaumiza kidole. Zima swichi, chomoa soketi ya throto, ndipo usafishe kwa upole.

Kwa zile za zamani zenye kebo, kama Noah SR40 na RAV4 za kwanza zenye injini ya 3S-FE, kuna ile vavu ya sailensi imefungwa kwenye throto yenyewe. Hiyo nayo inajaa masizi ikakwama. Ukisafisha kisahani ukaiacha yenyewe umefanya kazi nusu, mteja atarudi baada ya siku tatu akiwa na hasira na atakuwa na haki.

Nimesafisha throto, sasa sailensi imepanda 1,500 au ndiyo inazima zaidi. Nimeharibu?

Mara nyingi hapana. Kompyuta ilishazoea uchafu, ilikuwa inafungua kisahani zaidi ili kufidia. Uchafu umetoka, yenyewe bado inafungua vile vile, hewa inakuwa nyingi. Inabidi ijifunze upya. Kwa Toyota nyingi inasaidia kutoa waya wa hasi wa betri kama robo saa, ukarudisha, ukawasha gari ikiwa haina mzigo wowote, AC imezimwa, taa zimezimwa, redio imezimwa, uiache iungurume mpaka ipate moto na feni iwake, halafu ndio uwashe AC uone kama inajituliza.

Nissan nyingi ni wabishi kwenye hili, zinataka kufundishwa kwa skana, kile kifaa cha kuongea na kompyuta ya gari, au kwa zile hatua za kukanyaga na kuachia pedali kwa kuhesabu sekunde. Nimeona watu wametupa throto nzima ya Nissan eti imeharibika baada ya kusafishwa kumbe ilitaka dakika tano za skana.

Na kama baada ya kujifunza bado iko juu, angalia kama ulirudisha mipira yote. Kampira kamoja kameachwa wazi, basi.

Yangu haizimi kila nikisimama, inazima nikikanyaga breki. Breki na injini vinahusiana nini?

Vinahusiana sana, na hili limenigharimu mimi mwenyewe kabla sijawa fundi. Nilikuwa na Noah, kila nikikaribia matuta nikikanyaga breki inatetemeka inazima. Gereji moja wakaniambia pampu ya mafuta, nikanunua, ikazima. Wakasema plagi, nikanunua, ikazima. Siku moja niko nyumbani nimekaa ndani ya gari vioo vimepandishwa, nikakanyaga breki nikasikia fsssss miguuni, nikiachia inanyamaza. Ilikuwa mpira wa busta umechanika upande wa chini ambako macho hayafiki.

Busta, wengine mnaiita hidrovaki, ni lile duara kubwa jeusi nyuma ya pampu ya breki. Inafanya kazi kwa kutumia mvuto wa hewa wa injini, kuna mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi, mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda, kwenda kwake. Ndani yake kuna ngozi ya raba. Ngozi ikitoboka au mpira ukipasuka, ukikanyaga breki unafungulia injini mlango wa hewa ambayo haikupimwa, petroli inakuwa kidogo kwa hewa ile, injini inakufa. Mchanganyiko unaotakiwa ni kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, na kwenye sailensi hewa ya wizi kidogo tu inauvuruga.

Vipimo vya bure ni hivi. Gari ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne tano mpaka pedali iwe ngumu, shikilia mguu hapo hapo, washa injini. Pedali inatakiwa izame kidogo. Isipozama busta haipati mvuto au imekufa. Cha pili, injini ikiwa inaunguruma kanyaga ushikilie, sikiliza mlio wa hewa usioisha na angalia mshale wa RPM kama unaanguka. Cha tatu, ukiwa bado umekanyaga zima injini ukae nusu dakika, pedali isipande kukusukuma mguu.

Ukiona busta inavuja usiiache. Kuzima ni kero lakini hapo breki zako zenyewe ziko njiani kuondoka.

Automatiki yangu nikiweka N haizimi, ikiwa D inazima. Ndiyo gia boksi imekufa?

Pole pole. Kuna sababu mbili na bei zake zimeachana mbali sana.

Ya kwanza ni sailensi dhaifu tu. Ukiwa D umekanyaga breki, injini inasukuma gia boksi, huo ni mzigo, na kama throto ni chafu au kuna hewa inavuja inashindwa kuubeba. Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi, na inatibika kwa yale tuliyosema juu.

Ya pili ni toki konveta. Hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya klachi kwenye automatiki, injini inazungusha oili na oili inazungusha gia boksi, kwa hiyo magurudumu yanaweza kusimama injini ikaendelea. Ila ukiwa kwenye mwendo wa safari kuna klachi ndogo ndani yake inayofunga ili kuokoa mafuta, na ukipunguza mwendo inatakiwa iachie. Ikikwama haijaachia, injini imefungwa moja kwa moja na magurudumu, ukisimama unaizima sawa na mtu wa manyuo aliyesimama bila kukanyaga klachi. Dalili yake ni gari kushtuka shtuka kwa nguvu kabla ya kuzima, na mara nyingi huwa mbaya oili ikishapata moto, tuseme umetoka Moshi umefika Kikatiti ndio inaanza.

Jaribu sehemu wazi isiyo na magari, unapopunguza mwendo weka N kabla ya kusimama. Ikibaki hai, simama, kanyaga breki vizuri, weka D. Ikifa papo hapo kwa mshtuko nashuku konveta au solenoidi yake (vavu ya umeme inayoiongoza), ikizidiwa taratibu mshale ukishuka pole pole nashuku sailensi. Kwenye skana namba ya kosa P0742 ndiyo inayosema hiyo klachi imeganda ikiwa imefunga. Na hata hapo usikimbilie kununua gia boksi ya mtumba, angalia kwanza oili ya gia boksi, ile haidroliki, kiwango chake na rangi, halafu solenoidi na waya zake.

Gari imetoka Dar nzima, imefika Arusha inazima zima. Ni hali ya hewa?

Kwa kiasi fulani ndiyo. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini ya mita 1,000, na ukingo wa Ngorongoro ni zaidi ya mita 2,200. Hapa Arusha hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Pwani. Injini ya nozeli, yaani inayopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, yenye sensa nzima inajirekebisha yenyewe wala hutajua. Lakini ile iliyokuwa mpakani, throto nusu imeziba, ikifika huku ambako hewa ni kidogo inashindwa. Kwa hiyo mwinuko hauleti ugonjwa, unauchokonoa.

Ya kabureta ni habari nyingine. Kabureta iliyosetiwa Dar ikija huku inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi, inanuka mafuta, sailensi inayumba. Hiyo isetiwe huku huku injini ikiwa ya moto, na ukirudi Pwani kukaa, isetiwe tena.

Na baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 nayo inafichua mambo. Gari ya baridi inatakiwa ipandishe sailensi yenyewe mpaka 1,200 au zaidi halafu ishuke kadiri inavyopata moto. Kama asubuhi inaanzia chini na kuzima mpaka uishikilie kwa mguu, angalia vavu ya sailensi na sensa ya joto la maji.

Inazima nikiwasha AC, au usiku taa zote zikiwa zinawaka.

Kompresa ya AC ni mzigo na kompyuta inatakiwa ipandishe sailensi kidogo inapoiwasha. Isipoweza, rudi kwenye throto na vavu ya sailensi. Kwa upande wa taa pima umeme, ni kazi ya dakika mbili. Betri gari ikiwa imezimwa na imepumzika iwe kama 12.4 mpaka 12.7, injini ikiunguruma iwe kati ya 13.5 na 14.5. Ukiona kwenye sailensi inaanguka 12 na kitu, altaneta, ile inayochaji betri, au mkanda wake hauna afya. Cheki pia vichwa vya betri, ule unga wa kijani na mweupe uoshwe kwa maji ya moto na magadi.

Ikipata moto inazima, nikisubiri dakika ishirini inawaka kama hakuna kilichotokea.

Hii nashuku sensa ya krenki kwanza. Ikipata joto waya wake wa ndani unakatika mawasiliano, ikipoa unarudi. Siku inapozima mwangalie mshale wa RPM wakati unapiga stata, kama umelala sifuri hautikisiki kabisa, hiyo ni dalili nzuri ya sensa kwa gari nyingi. Pampu ya mafuta inayochoka nayo hufanya hivyo, ila yenyewe mara nyingi huwa imeshaanza kukuaibisha kwenye vilima, ukipanda Marangu au Machame gari inakosa nguvu. Koili pia zinaweza, ingawa koili moja ikifa kwanza utaisikia gari inamisi, yaani silinda moja haichomi.

Ilianza baada ya kujaza mafuta.

Kama ilianza siku hiyo hiyo na inakohoa hata mwendoni, fikiria maji au uchafu ndani ya petroli, hasa kama ulinunua ya kwenye chupa barabarani. Mwaga kidogo kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie, maji yatakaa chini. Kama kila ukijaza tenki inasumbua dakika chache kisha inakaa sawa, hiyo ni vavu inayopeleka mvuke wa tenki kwenye injini, imekwama wazi. Watu wachache wanaijua na inazungusha watu sana.

Fundi amepima na kompyuta, hakuna kosa lolote. Sasa?

Skana inasoma kile ambacho kompyuta ya gari imekiona ni kosa, basi. Mpira ulioanza kuchanika au throto iliyoziba nusu inaweza isiwashe taa ya cheki injini kwa muda mrefu. Fundi asiishie kwenye namba, afungue data za moja kwa moja gari ikiwa inaunguruma, aangalie marekebisho ya mafuta. Kama kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia 15 au 20 kwenye sailensi halafu ukipandisha mpaka 2,500 inarudi karibu na sifuri, kuna hewa inaingia mahali. Namba za kuzijua ni P0505 ya mfumo wa sailensi, P0171 ya hewa kuzidi petroli, P0300 ya kumisi, P0335 ya sensa ya krenki, P0401 ya EGR, mfumo unaorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini.

Hata namba ikisema sensa fulani, haijasema nunua sensa. P0171 wengi wananunua sensa ya oksijeni kumbe ni mpira, au ile sensa ya kupima hewa kwenye bomba la eyakilina imejaa vumbi. Hiyo inasafishwa kwa spreyi yake maalumu tu bila kuigusa, waya wake ni mwembamba kuliko unywele.

Kutafuta uvujaji wa hewa nyumbani, pulizia maji yenye sabuni kwenye maungio ya mipira na manifoldi injini ikiwa inaunguruma. Ukiona povu linanyonywa au mlio unabadilika, umepata. Wapo wanaotumia spreyi ya kabureta au petroli, mimi siruhusu gereji kwangu, ekzosi iko moto hapo hapo na moto hauna mazoea.

Nimetoa gari bandarini, ya kisasa, kila nikisimama inazima na nikiachia breki inajiwasha. Nirudishe?

Usirudishe, ndivyo ilivyotengenezwa. Mazda wanaiita i-stop, na Toyota, Suzuki na Daihatsu nao wanazo zenye mfumo huo, inazima ukisimama ili kuokoa mafuta. Kwenye dashi kuna taa, mara nyingi herufi A yenye mshale wa duara, na kuna swichi ya kuuzima. Haibridi, zile za petroli na umeme, kama Aqua na Prius nazo zinazima injini zikisimama. Nimeshaletewa moja ya hivi kutoka Kiborloni, mama wa watu alishalipia throto kusafishwa mara mbili. Nilimwonyesha swichi, nikamrudishia gari yake bila kumdai kitu.

D4 ni kweli ndiyo mbaya kwa ugonjwa huu?

Ina tabia yake. Injini za D-4 za petroli, 3S-FSE kwa mfano, zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti juu ya vavu za kuingizia hewa kuziosha. EGR inarudisha moshi, oili inaleta mvuke, manifoldi inajaa masizi mazito. Kusafisha throto peke yake mara nyingi hakutoshi, inabidi ufungue manifoldi na usafishe EGR. Ikishafanywa hivyo na fundi mwenye subira inatulia vizuri.

Na dizeli?

Haina plagi za kurusha cheche wala throto ya kutegemea kwa namna hii, kwa hiyo anza na filta ya dizeli, maji kwenye filta, na hewa inayoingia kwenye mipira ya mafuta. Kwa Hilux na Prado za D-4D zenye reli ya pamoja (common rail, bomba moja linalogawa dizeli kwa nozeli zote), ikizima ukiachia mafuta au sailensi inayumba, fikiria ile vavu ya kudhibiti mafuta kwenye pampu kabla hujauziwa pampu nzima.

Si niongeze tu skrubu ya sailensi iwe juu?

Kwa kabureta kusetiwa ni halali. Kwa gari ya kompyuta naomba usikubali. Mshale utapanda, wiki mbili utafurahi, ugonjwa unaendelea chini kwa chini, gari inakula mafuta, na kwa automatiki kila ukiweka D inaruka mbele. Gari inayoruka mbele geti la shule watoto wanapita, hiyo siwezi kuifunga na kumkabidhi mtu.

Nikilazimika kubadilisha kitu, nichukue kipya au mtumba?

Mipira, gasketi, filta, plagi, hivi chukua vipya daima. Throto na vavu ya sailensi mtumba sawa, ila hakikisha namba iliyoandikwa juu yake inafanana na ya kwako, siyo kufanana sura, na muombe mwenye duka mkubaliane kuirudisha ndani ya siku moja mbili. Sensa ya krenki mtumba siipendi kabisa, ina umri ule ule wa iliyokufa na utarudi kukaa pembeni ya barabara Boma Ng'ombe ukiisubiri ipoe. Na chochote fundi alichotoa ondoka nacho nyumbani, hata kama kimekufa. Ikitokea baada ya siku tatu gari imezima tena, hiyo spea yako ya zamani huenda haikuwa mbovu na utaihitaji.